Watoto Tisa wa Musoma

Mimi ni mwalimu wa biolojia, mzaliwa wa Musoma, na nina ugonjwa wa damu uitwao selimundu. Nayataja haya wazi kwa sababu nyumbani kwetu yalisemwa kwa kunong'ona miaka nenda miaka rudi. Natoa ushuhuda huu kwa mzazi ambaye mtoto wake analia usiku kucha akishikilia miguu, kwa kijana aliyechoka kuulizwa kwa nini macho yake ni ya njano, na kwa wanaukoo wanaoitisha kikao kutafuta nani ameleta balaa. Nimeishi sehemu kubwa ya ujana wangu nikijificha na kusubiri kifo cha mapema. Leo natembea kwa nyonga ya bandia, nameza dawa kila asubuhi, nafundisha watoto wa watu, na ninajua ugonjwa wangu umetoka wapi. Kujua huko ndiko kulikonibadilisha kwanza. Kisu na dawa vilifuata.

Maumivu yalinianza kabla sijajua kuyasema. Mama anasimulia kwamba nikiwa bado natambaa, viganja na nyayo zangu zilivimba hadi ngozi ikang'aa, nikawa sikubali kushikwa na mtu. Nilipokua, msimu wa mvua ndio ulionitesa. Nikilowa, nikipigwa na upepo wa ziwani au nikikimbia sana na wenzangu, mapaja na mgongo vilianza kuuma, na usiku hata godoro lilikuwa linaniumiza. Kabla yangu alizaliwa dada ambaye hakufikisha umri wa kwenda shule. Upande wa baba, shangazi akiwemo, ulishatoa hukumu: mama ametoka kwenye ukoo wenye mkosi. Nilichanjwa chale magotini, nikafungwa hirizi kiunoni, na mama akarudishwa kwao zaidi ya mara moja ili akajisafishe.

Nilipokuja kupimwa damu na ugonjwa ukajulikana, haikutupa nafuu kubwa. Mhudumu mmoja alimwambia mama, nami nimelala palepale kitandani nasikia: "Mama, hawa hawafiki miaka kumi na minane, usijisumbue na ada." Mama hakumjibu. Shule zilipofunguliwa Januari, alinilipia ada.

Ada hiyo ndiyo iliyonifikisha chuo kikuu, na huko ndiko maisha yangu yalikogeuka. Mhadhiri wetu wa jenetikia alikuwa akitufundisha uteuzi asilia kwa binadamu, yaani namna mazingira yanavyoamua, kizazi baada ya kizazi, ni jeni zipi zitaendelea na zipi zitapungua. Akachora jedwali ubaoni. Juu yake akaandika: Wilaya ya Musoma, Tanganyika. Nikaacha kuandika, nikakaza macho.

Takwimu zile zilichapishwa mwaka 1956 na daktari Anthony Allison. Alikuwa amepima damu ya watoto wachanga 287 wa wilaya yetu. Kati yao, 189 hawakuwa na jeni ya selimundu, 89 walikuwa nayo moja kutoka kwa mzazi mmoja, na 9 walikuwa nazo mbili, kama mimi. Kisha alipima watu wazima 654. Wasiokuwa na jeni walikuwa 400, wenye jeni moja 249, na wenye jeni mbili 5.

Nilipiga hesabu pembeni ya daftari. Tisa kati ya 287 ni zaidi ya asilimia 3. Tano kati ya 654 hawafiki asilimia 1. Kama watoto wa hali yangu wangekua sawa na wenzao, kati ya watu wazima wale wangepatikana kama ishirini. Walipatikana watano. Niliuona msiba wa nyumbani kwetu umeandikwa kwa chaki, na dada yangu akiwa ndani ya pengo lile la tarakimu. Nikajua kwamba watoto kama yeye walikuwa wakizikwa wilaya nzima, katika kila ukoo, na katika kila ukoo pengine alikuwepo mwanamke aliyelaumiwa kama mama yangu.

Jedwali lilikuwa na jambo la pili, na mhadhiri alilisubiri hilo. Wenye jeni moja walikuwa asilimia 31 ya watoto wachanga, lakini kwa watu wazima walifika asilimia 38. Kundi hilo lilikuwa linapona kitu kilichowaua wengine. Kitu chenyewe ni malaria.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya. Mwaka 1949 alirudi Kenya katika msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akakusanya damu za makabila mbalimbali. Aligundua kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alibeba jeni hii, ilhali nyanda za juu hawakufika hata mmoja kati ya mia. Palipo na mbu wengi, jeni ilikuwa nyingi. Kisha akapima watoto 290 huko Uganda. Kati ya watoto 43 waliobeba jeni, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiobeba, waliokuwa na vimelea walikuwa 113. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba jeni moja ya selimundu humkinga mtoto dhidi ya malaria. Miaka hamsini baadaye watafiti wa Kilifi walithibitisha kinga hiyo kwa ukubwa wake: kwa malaria kali inayoua, inakaribia asilimia 90.

Hapo ndipo nilipoelewa mageuko ya binadamu yana maana gani kwangu. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza vinasaba vya maelfu ya watu walikadiria kwamba jeni hii ilianza kwa mtoto mmoja wa Afrika, yapata miaka 7,300 iliyopita. Badiliko lenyewe ni la herufi moja tu katika maandishi ya vinasaba. Kwa herufi hiyo, ukoo wa mtoto yule ulipona malaria vizazi na vizazi, ukaenea, na baadhi ya wajukuu wake wakafika ufukwe wa ziwa letu. Babu zangu wa pande zote mbili walipona kwa sababu ya jeni hii. Mimi nimelipa gharama ya kupona kwao, kwa kuwa nilirithi mbili. Sikurogwa na mtu, na hakuna mwenye hatia.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani na daftari lile. Nilimkuta mama anapembua mtama uani. Nikamweleza taratibu: anayezaliwa na selimundu amepewa jeni na baba na mama, na kila mimba ya wazazi kama hao ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo na baba yako anayo?"

"Anayo, mama. Bila yake nisingeumwa."

Alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kamwambie shangazi yako."

Nilikwenda kwa shangazi jioni ileile. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza kwa heshima kama nilivyomweleza mama. Hakuomba radhi siku ile wala sikumtaka aombe. Lakini tangu hapo mama hakuitwa tena kwenye kikao cha ukoo cha kutafuta mwenye mkosi, na binamu zangu wawili walipotaka kuoa walikwenda kwanza kupima damu na wachumba wao. Mimi nami nilimwomba mchumba wangu tukapime. Hakuwa na jeni. Watoto wetu wanabeba jeni moja kutoka kwangu, na hakuna mgonjwa kati yao.

Elimu ile iliniondolea aibu, ila haikuzuia mfupa kufa. Nilipokuwa mwalimu nilianza kusikia maumivu kwenye kinena cha kulia. Yalikuwa tofauti na yale ya mvua. Hayakuja na kuondoka, yalikaa. Nikawa nachechemea, kisha nikashindwa kupanda daladala, kisha nikawa nafundisha nikiwa nimekaa. Daktari bingwa wa mifupa aliiweka picha ya eksirei kwenye taa, akanionyesha. Kichwa cha paja la kushoto kilikuwa mviringo. Cha kulia kilikuwa kimebonyea, kimekuwa bapa, na ndani yake mna mistari ya ufa.

Alinieleza chanzo cha hali hiyo vizuri kuliko kitabu chochote nilichokuwa nacho. Seli zangu nyekundu zikipungukiwa oksijeni, himoglobini iliyomo hujipanga ikawa nyuzi ngumu. Seli hupinda, hukakamaa, na kuziba mishipa midogo ya damu. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa michache tu, myembamba. Ikizibwa mara kwa mara mfupa hukosa damu, hufa, kisha uzito wa mwili huuponda kidogo kidogo. "Mwalimu, hili halirudi," alisema. "Tutalitoa, tukuwekee jingine."

Nyonga ya bandia ina historia ya uvumilivu. Daktari mpasuaji John Charnley, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, alianza kwa kutumia kikombe cha plastiki ya Teflon. Kikasagika ndani ya wagonjwa na ikabidi awapasue upya. Hakuacha. Novemba 1962 aliweka kichwa cha chuma chenye upana wa milimita 22 hivi, kikizunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu zaidi, vyote vikishikwa mfupani kwa saruji maalumu. Nyonga za leo zimetokana na hiyo. Kwa mgonjwa wa selimundu kazi ni ngumu zaidi, maana tundu la mfupa huwa limejaa makovu magumu, maambukizi huingia kwa urahisi, na upasuaji wenyewe unaweza kuamsha maumivu makali au kubana kifua.

Kwa hiyo niliambiwa nitaongezewa damu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, hata kama nasikia nina nguvu. Nikauliza kwa nini. Daktari hakukasirika. Alinieleza utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2013. Wagonjwa wa selimundu waliokuwa wakisubiri upasuaji waligawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya 33 ambao hawakuongezewa damu, 13 walipata matatizo; kati ya 34 walioongezewa, walikuwa 5. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima damu wengine. Nilikubali mara moja. Kwa mara ya pili maishani, watu waliohesabiwa kwa uangalifu walikuwa wananiokoa.

Nilipewa ganzi ya mgongo, nikawa macho nyuma ya pazia la kijani. Nilisikia nyundo ikigonga chuma, na kila pigo lilitikisa meza. Sikusikia maumivu. Kesho yake mtaalamu wa fiziotherapia alinisimamisha kwa kitembezi. Kidonda kiliuma, lakini nilipokanyaga kwa mguu wa kulia, maumivu yale ya kinena yaliyolala nami na kuamka nami hayakuwepo. Nililia mbele ya wageni, na sioni haya kulisema.

Siku ya kuruhusiwa, mpasuaji alinipa neno ambalo nalirudia kwa kila mgonjwa ninayekutana naye: "Nyonga nimekubadilishia, lakini damu yako ni ileile. Tusipoishughulikia damu, tutakutana tena kwa nyonga ya pili." Akanielekeza kliniki ya selimundu nikaanzishiwe haidroksiurea.

Siri ya dawa hii ilianza kuonekana mwaka 1948, pale daktari Janet Watson wa New York alipotambua kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaumwi miezi ya mwanzo. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, na hiyo haijipangi kuwa nyuzi. Baada ya kuzaliwa mwili huizima polepole na kuwasha ya utu uzima, ndipo ugonjwa unapojitokeza. Haidroksiurea, ambayo zamani ilijulikana kama dawa ya saratani, huurudisha mwili kutengeneza tena sehemu ya ile himoglobini ya uchanga. Marekani iliiruhusu kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998.

Kwetu ilichelewa, na hofu ilikuwa kwamba katika nchi zenye malaria na utapiamlo ingeweza kudhuru watoto. Hofu hiyo ilijibiwa hapahapa Afrika. Zaidi ya watoto 600 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale walipewa dawa hii chini ya uangalizi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Maumivu makali yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, hata malaria ikapungua. Nami nimeyaona katika mwili wangu. Napimwa damu kliniki kila ninapopangiwa ili kipimo cha dawa kisizidi. Mvua zinaingia na kutoka nikiwa darasani, na nyonga ya kushoto bado ni yangu.

Sasa nije kwenye habari ambayo wanafunzi wangu huniuliza kila mara: je, ni kweli selimundu inaponywa kwa kuhariri jeni? Ni kweli, na nataka ieleweke sawasawa.

Mtu wa kwanza kuokolewa kwa seli zilizohaririwa hakuwa wa selimundu. Mwaka 2015, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street jijini London, mtoto Layla Richards aliyekuwa na saratani ya damu alipewa seli za kinga za mtu mwingine. Seli hizo zilikuwa zimebadilishwa vinasaba ili ziitambue na kuiua saratani yake bila kuushambulia mwili wake. Mwaka 2022 hospitali hiyohiyo ilimtibu msichana wa miaka 13, Alyssa, kwa seli za kinga zilizobadilishwa herufi mojamoja za vinasaba. Tiba nyingine zote alizopewa zilikuwa zimeshindwa.

Kwa upande wetu, ufunguo uliopatikana mwaka 2008 ni jeni iitwayo BCL11A. Hiyo ndiyo inayozima himoglobini ya uchanga. Madaktari huchukua seli shina za mgonjwa mwenyewe, wakazipeleka maabara, wakakata kwa CRISPR, yaani mkasi wa kuhariri jeni, sehemu inayoipa jeni hiyo nguvu katika seli nyekundu, kisha wakazirudisha mwilini. Kinachotafutwa ni kilekile kinachotafutwa na kidonge changu, isipokuwa huku mabadiliko hudumu. Mmarekani Victoria Gray, mama wa watoto wanne kutoka Mississippi, alirudishiwa seli zake mwaka 2019. Katika utafiti aliokuwemo, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila maumivu makali. Uingereza iliidhinisha tiba hii Novemba 2023, Marekani ikafuata Desemba.

Lakini njia yake ni nzito. Kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa huchomwa dawa kali inayoua uloto wake wote wa zamani. Uloto ndio unaozalisha seli nyekundu na seli za kinga pia, kwa hiyo mgonjwa hukaa hospitali wiki kadhaa akiwa hana kinga, na dawa hiyo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5, kwa mgonjwa mmoja.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuzaliwa watoto wenye selimundu. Wanakadiriwa kufika 11,000 kila mwaka. Kwa bei hiyo hatuwezi kuwatibu hata wa kijiji kimoja. Sisemi tukate tamaa. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wa selimundu mwaka 2023, na katika Hospitali ya Muhimbili wagonjwa wamekuwa wakifuatiliwa kitafiti tangu 2004. Ujuzi upo nyumbani. Naamini tiba ya jeni itafika, na naitaka ifike kwa majaribio yanayofanyika hapa, kwa wagonjwa wa hapa, kwa bei inayolipika. Sehemu ya elimu ya ugonjwa huu ilianzia katika damu iliyotolewa na watu wa Musoma, Uganda na Kenya. Ni haki yetu matunda yake yaturudie.

Lakini wakati tunaidai tiba hiyo kubwa, watoto wanakufa kwa kukosa vitu vidogo: kipimo siku za mwanzo za maisha, penisilini na chanjo za kuzuia nimonia, chandarua, foliki asidi, na haidroksiurea kwenye kituo cha afya cha wilaya badala ya hospitali kubwa pekee. Hivi vyote vinajulikana, vimethibitishwa, na gharama yake nchi inaimudu. Naiomba serikali iviweke karibu na wananchi na kuvilipia kupitia bima. Nawaomba viongozi wa dini, mnaofungisha ndoa kila wiki, muwahimize vijana wapime damu wajue hali zao kabla hawajaamua. Nawaomba walimu wenzangu tusiwachape watoto wa selimundu kwa utoro, na tusiwazuie kunywa maji darasani, kwa sababu upungufu wa maji huwaletea maumivu.

Na wewe mzazi ambaye mtoto wako amevimba vidole, ana macho ya njano na anaishiwa damu mara kwa mara: usisubiri kikao cha ukoo, na usikubali kubeba lawama peke yako. Mpeleke akapimwe wiki hii. Kipimo ni tone la damu, na majibu yake yanawahusu wazazi wote wawili.